Yoga Ilivyovuka Kuingia Kibera na Kawangware

Wahindi walioletwa kujenga Reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901 walikuwa zaidi ya 30,000, na wale waliosalia baada ya kazi, pamoja na ndugu zao wafanyabiashara, walifanya maskani Nairobi, wakajenga mahekalu na shule zao Ngara na Parklands, na ndani ya kuta hizo yoga haikuwa jambo geni. Upande wa pili wa mji, askari wa Kinubi wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles walikwisha kupewa msitu wa kukaa, ambao mwaka 1918 Serikali iliutangaza kuwa hifadhi ya kijeshi yenye ekari 4,197. Ndiyo Kibera hiyo. Kutoka hapo hadi Parklands ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, na hata hivyo elimu ile ya kuituliza nafsi kwa kuongoza viungo na pumzi ilichukua miaka mia kuvuka.

Sababu haikuwa uzito wa elimu yenyewe, wala ugumu wa watu kuipokea. Mwaka 1913 tabibu Mwingereza W. J. Simpson, aliyeletwa kuchunguza siha ya miji yetu, alishauri Wazungu, Waasia na Waafrika watengwe makao yao, na ushauri huo, uliotolewa kwa jina la afya, ukawa mmoja wa misingi ya Nairobi: kila jamii na mtaa wake, shule yake na hospitali yake. Tiba ya akili nayo ikafungiwa mahali pamoja. Hospitali iliyofunguliwa mwaka 1910, na kupewa jina la Mathari mwaka 1924, iliogopwa hata jina lake likageuka tusi, na mtu wa Kawangware, mtaa mwingine wa mabanda, aliyeshikwa na wahaka akakosa usingizi, aghalabu aliona ni afadhali anyamaze kuliko jirani kusikia kwamba ameonekana kule.

Ikaja fitina ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini, na Kibera, ambako hata reli iling'olewa, ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoungua mno. Suluhu ya wanasiasa ilitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Lakini mama aliyechomewa nyumba, na kijana aliyemwona mwenziwe akikatwa panga, walibaki na hofu iliyokaa maungoni: mabega yamekazana, moyo unakwenda mbio kila mlango unapobishwa, usingizi unakatika saa nane za usiku.

Iliyoifungulia yoga njia ya kuvuka ni sarakasi. Mwalimu wa yoga kutoka Marekani, Paige Elenson, alikuja Kenya matembezini mwaka 2006, akawakuta vijana wanasarakasi wakisimama kwa mikono, akajiunga nao; mwaka uliofuata likaanzishwa Africa Yoga Project, na vijana wa mitaa ya mabanda wakafunzwa wapate kuwa walimu, walipwe ujira, nao wawafundishe jirani zao bure. Hilo la ujira mimi naona ndilo lililoidumisha kazi, kwa kuwa mtaani hisani isiyomlisha mwenye kuitenda haimalizi mwaka.

Darasa lenyewe halina fahari. Madawati husogezwa ukutani, mikeka ikatandikwa juu ya saruji, bati likaalika kwa jua. Wamo kina mama wanaofua nguo za watu kwa kibarua na kubeba mitungi ya maji ya lita 20, na migongo yawauma; mwalimu huwaambia wapige magoti, wakalie visigino, wainame hata paji la uso liguse mkeka, kisha husema, "Vuta pumzi polepole, mama. Sasa toa, usiharakishe." Pumzi inayotolewa kwa muda mrefu kuliko inavyovutwa huamsha neva zinazopunguza mapigo ya moyo, na mwili uliozoea kukaa tayari kukimbia hupata kutua. Mwaka 2014 tabibu wa akili Bessel van der Kolk na wenziwe, huko Marekani, walichapisha uchunguzi wa wanawake 64 ambao majeraha ya nafsi zao hayakuwa yamepona kwa tiba za awali. Baada ya wiki kumi, zaidi ya nusu ya waliofanya yoga hawakuhesabika tena kuwa na maradhi hayo, ilhali katika kundi la pili, lisilofanya yoga, ni kama mmoja kwa kila watano.

Wako waliochelea, Waislamu na Wakristo, kwamba wataingizwa katika ibada isiyo yao, na hofu yao yastahili heshima. Lakini Al-Biruni, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, alikifasiri kwa Kiarabu kitabu cha yoga cha Patanjali, mwalimu wa kale wa Kihindi, katika karne ya 11, na imani yake haikupungua.

Machafuko ya uchaguzi yalirudi Kawangware Oktoba 2017, na mwaka 2020 jopo la Serikali chini ya Daktari Frank Njenga lilishauri maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya taifa. Yoga haishibishi mwenye njaa, wala haishiki mahali pa dawa kwa anayezihitaji. Illa zahanati zetu, ambamo mwenye wahaka hupewa vidonge vya kichwa akarudishwa nyumbani, zingeweza leo hii kumwelekeza kwenye ukumbi wa yoga ulio jirani, kwa mwalimu aliyezaliwa mtaa uo huo.