Serikali na Sinema ya Taifa

Sinema iliingia nchini mwetu ikiwa mikononi mwa wageni. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walitengeneza filamu za majaribio zilizokusudiwa kumfundisha Mwafrika kilimo, afya na kuweka akiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya kigeni ilitoa filamu za Kiswahili, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu, ambamo aliigiza Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Mwafrika akaonekana katika picha, lakini hakuwa na kauli juu ya hadithi iliyosimuliwa.

Baada ya Uhuru, Serikali ilikusudia kurekebisha hali hiyo. Mwaka 1968 ilianzisha Kampuni ya Filamu Tanzania, ambayo ilitengeneza filamu na pia ikakabidhiwa kazi ya kuagiza na kusambaza zile za nje. Mpango huo ulikuwa na busara, kwani faida ya filamu za kigeni ingeweza kulea za nyumbani. Katika miaka ya 1970 ilitolewa Fimbo ya Mnyonge, iliyohusu maisha ya ujamaa vijijini. Na katika miaka ya 1980, kwa ushirikiano na Wamarekani, Arusi ya Mariamu, inayoeleza habari za mgonjwa na mganga wa jadi.

Hata hivyo, filamu za namna hiyo zilikuwa chache. Mikanda na mitambo ilinunuliwa kwa fedha za kigeni, nazo zilikuwa adimu. Hatimaye kampuni ikafa.

Yafaa tujifunze kwa wenzetu wa Volta ya Juu, nchi ambayo sasa inaitwa Burkina Faso. Ingawa haikuwa tajiri, mwaka 1970 ilitaifisha majumba ya sinema, na sehemu ya kiingilio ikatengwa kwa ajili ya kutengeneza filamu za wananchi. Hivyo kila mtazamaji wa filamu ya kigeni alichangia filamu ya kwao.

Tangu miaka ya 2000 vijana wetu wametengeneza filamu nyingi za video, aghalabu kwa fedha zao wenyewe. Vipaji havikosekani. Msaada wa kudumu ni ule unaohakikisha kwamba fedha anayolipa mtazamaji inamrudia msanii, ili aweze kutengeneza filamu nyingine.