Asili ya Faili la Bechi na Matumizi Yake

Msomaji, ukimtuma mtoto dukani waweza kumpa agizo moja, ukamngoja arudi, kisha ukampa la pili na la tatu. Au waweza kuandika maagizo yote katika karatasi moja, ukampa, nawe ukaendelea na shughuli zako. Njia ya pili huokoa wakati, lakini ina sharti lake: neno lililokosewa katika karatasi litakosewa na dukani, nawe hutakuwapo kulisahihisha. Mfano huu wafaa kutuongoza katika habari za faili la bechi, yaani faili lenye amri nyingi ambazo tarakilishi huzitekeleza moja baada ya moja pasipo kungoja mtu.

Bechi ni fungu la vitu vinavyoshughulikiwa pamoja. Katika miaka ya 1950 tarakilishi zilikuwa mashine za kujaza chumba, tena za gharama kubwa mno. Mtu aliyetaka hesabu zake zifanywe alitoboa matundu katika kadi, na kadi moja ilichukua mstari mmoja wenye nafasi 80 za herufi. Hapo kwanza kila mwenye kazi alikuwa na zamu yake. Alipokuwa akitoka na mwenziwe akiingia kujitayarisha, mashine ya thamani ilikaa bure.

Dawa ya upotevu huo ilikuwa kukusanya kazi za watu wengi katika fungu moja. Mwaka 1956 wataalamu wa General Motors na North American Aviation, huko Marekani, walitengeneza programu kwa ajili ya mashine ya IBM 704, ambayo ilianzisha kazi mpya mara ile iliyotangulia ilipokwisha. Tangu hapo mwenye kazi aliacha kadi zake kwa mwendeshaji, akarudi baadaye, pengine kesho yake, kuchukua majibu. Akikuta amesahau alama moja ya mkato, siku nzima imepotea. Rundo la kadi likianguka na kuchanganyika, kazi yote iliharibika. Kwa hiyo wengi walichora mstari wa mshazari ubavuni mwa rundo, ili kadi iliyotoka mahali pake ionekane upesi.

Baadaye watu walipata kukaa mbele ya mashine na kuiamuru kwa kupiga herufi. Lakini kupiga amri zile zile kila siku ni uchovu. Kati ya mwaka 1963 na 1965 Mfaransa Louis Pouzin alifanya kazi katika chuo cha MIT, na huko akaandika programu iliyoitwa RUNCOM, ambayo ilisoma amri kutoka katika faili na kuzitekeleza kwa taratibu. Mwaka 1981 IBM ilipotoa tarakilishi yake ya mezani, iliyotumia DOS ya Microsoft, faili la namna hii lilikuwamo, na jina lake liliishia kwa herufi BAT. Tarakilishi za Windows hulitekeleza hata leo.

Wewe nawe waweza kuliandika. Fungua Notepad katika kabrasha lenye insha zako, uandike mistari hii mitatu:

mkdir Nakala
copy *.txt Nakala
pause

Lihifadhi katika kabrasha hilo kwa jina la nakala.bat, ukiangalia lisifuatwe na mkia wa .txt. Ukilibofya mara mbili, amri ya kwanza itaunda kabrasha liitwalo Nakala. Ya pili itanakili humo kila faili ambalo jina lake linaishia kwa.txt, maana nyota husimama badala ya jina lolote. Na ya tatu itazuia dirisha lisifungwe mpaka ubonyeze herufi.

Litumie tena kesho. Amri ya kwanza itashindwa, kwa kuwa Nakala lipo tayari. Lakini ya pili itaendelea kama kwamba hapakutokea neno. Hapa tabia hiyo haina madhara. Sasa tazama mistari hii miwili, ambayo mwandishi wake alikusudia kufuta mafaili yaliyomo katika kabrasha la Zamani:

cd Zamani
del *.txt

Ikiwa kabrasha la Zamani halipo, amri ya kuingia humo itashindwa, na amri ya kufuta itatekelezwa pale pale ilipo, juu ya insha zako zote. Wala usizitafute katika pipa la taka la tarakilishi, kwa maana amri ya del haipeleki kitu huko. Afadhali mahali na tendo viandikwe katika amri moja:

del Zamani\*.txt

Hapo kabrasha likikosekana, hakuna kitakachofutwa.

Mtoto aliyetumwa dukani akikuta duka limefungwa, atarudi kukuuliza. Mashine hairudi. Yule wa zamani aliyechora mstari ubavuni mwa kadi zake alilijua jambo hilo, akajihadhari kabla rundo halijaanguka. Fanya kama yeye: kila uandikapo amri, jiulize itakuwaje ile iliyotangulia ikishindwa, kisha lijaribu faili lako juu ya nakala, si juu ya kazi yenyewe.