Kihisi cha kiwango cha oili
Kihisi cha kiwango cha oili ni kifaa cha umeme kinachopima oili iliyomo katika bakuli lililo chini ya injini ya gari. Oili ikipungua, huwasha taa ya onyo kwenye dashibodi, mara nyingi ya manjano. Kifaa hiki ni tofauti na swichi ya presha ya oili, ambayo taa yake huwa nyekundu. Hiyo ikiwaka safarini, injini huzimwa mara moja.

Ukaguzi huanza kwa kijiti cha kupimia oili, gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa. Oili ikiwa pungufu, huongezwa na uvujaji hutafutwa. Ikiwa inatosha na taa bado inawaka, fundi hukagua fyuzi, nyaya na plagi, kisha kihisi chenyewe. Kudhani taa ina hitilafu bila kupima oili kunaweza kuua injini.