Paka Mweusi na Waliomwogopa

Paka ni mnyama anayejulikana katika kila nyumba yenye ghala la nafaka. Paka akiwa na mabaka, hapana anayemjali; akiwa mweusi ti, maneno huanza. Wako wasafiri ambao wakimwona akikatiza njia alfajiri hurudi nyumbani. Pwani wako wasemao kwamba akitokea usiku huyo si paka, ni jini. Na Ulaya pia watu wengi humwogopa vivyo hivyo. Tushike basi njia ya Ulaya, maana huko makarani waliandika mambo haya, nasi twaweza kuyafuata mwaka kwa mwaka.

Hapo kale paka hakuwa na jina baya. Wamisri walimheshimu mno, na mungu wao wa kike Bastet alichorwa mwenye kichwa cha paka. Herodotus, Myunani aliyeishi katika karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba paka akifa katika nyumba ya Mmisri, wote waliomo hunyoa nyusi zao, na mizoga hupelekwa mji wa Bubastis ikatiwe dawa isioze. Mizoga hiyo ilikuwa mingi ajabu. Mwaka wa 1890 shehena yake, iliyokisiwa kuwa paka 180,000, ilipelekwa Liverpool kwa meli, ikasagwa kuwa mbolea ya mashamba. Hivyo ndivyo miungu ya watu iwezavyo kuishia!

Lawama ilianza kuandikwa karibu na mwaka wa 1200. Mwalimu mmoja Mfaransa, Alain de Lille, aliwaandikia vikali Wakathari, kundi la Wakristo waliojitenga na Kanisa. Akasema kwamba huenda jina lao latokana na neno la Kilatini la paka, kwa kuwa, yasemekana, Shetani huwatokea kwa sura ya paka nao humbusu matako. Tazameni jinsi neno moja tu lilivyotosha kuzaa shtaka.

Mwezi wa Juni 1233 Papa Gregory wa Tisa aliandika barua kwa wakuu wa Ujerumani juu ya watu walioshtakiwa kumwabudu Shetani. Ndani yake mwasimuliwa kwamba, baada ya karamu yao, paka mweusi mkubwa kama mbwa hushuka kutoka kwenye sanamu, akija kinyumenyume, mkia wake umesimama. Habari hizo zilitoka wapi? Zilitoka Ujerumani, kwa mahakimu wa dini, na aliyesifika kwa ukali miongoni mwao alikuwa padre Konrad von Marburg. Mshtakiwa mbele yake alikuwa na njia mbili: akiri, anyolewe nywele na kuachwa hai; au akane, achomwe moto. Kwa sharti la namna hiyo, nani asingemwona paka? Konrad mwenyewe aliuawa njiani tarehe 30 Julai mwaka ule ule.

Yafaa tuseme hapa kwamba wengi husimulia kuwa Papa aliamuru paka wauawe, na kwa hiyo panya wakazidi, na tauni kuu ya mwaka 1347 ikaua watu. Barua ile haina amri ya namna hiyo hata moja. Tena tauni iliupiga mji wa Kairo mwaka wa 1348, mji wa Waislamu ambao humhesabu paka kuwa mnyama safi. Hadithi hiyo yapendeza masikioni, lakini haina mguu wa kusimamia.

Mwaka wa 1324, katika mji wa Kilkenny, Ireland, bibi tajiri Alice Kyteler alishtakiwa kwa uchawi. Ilisemwa kwamba pepo wake humjia mara kama paka, mara kama mbwa mweusi mwenye manyoya marefu, na mara kama Mwethiopia, yaani mtu mweusi. Hapo twajiona na sisi tumetiwa katika hesabu moja na paka! Kwa hiyo twafahamu kwamba jambo halikuwa mnyama. Ilikuwa ile rangi ya usiku, ambayo wachoraji wa siku zile walimpaka Shetani. Bibi Alice alikimbia. Mtumishi wake Petronilla alipigwa mijeledi, kisha akachomwa moto tarehe 3 Novemba.

Hata Uingereza, mwaka wa 1566, kikongwe Agnes Waterhouse, mwenye umri wa zaidi ya miaka 60, alihukumiwa huko Chelmsford. Kisa chake kilichapwa katika kijitabu. Alipewa paka na jirani kwa bei ya mkate mtamu. Paka huyo aliitwa Shetani, naye, walisema, hulishwa damu na kuua mifugo ya watu. Agnes alinyongwa tarehe 29 Julai. Na kijitabu chenyewe chasema kwamba paka huyo alikuwa mweupe mwenye madoa.

Twakumbuka hapa vikongwe wa Usukumani walioshtakiwa uchawi na kuuawa kwa sababu ya macho mekundu, nayo yaliwashwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Wao hawakuhitaji hata paka.

Na weusi wenyewe watoka wapi? Mwaka wa 2003 wataalamu walionyesha kwamba ni badiliko dogo katika urithi wa damu. Mtoto huwa mweusi akilipata kwa baba na kwa mama pia, nalo laweza kujificha ndani ya wazazi. Kwa hiyo paka wawili wenye mabaka waweza kuzaa mtoto mweusi kama mkaa, na mwenye nyumba akashangaa.

Siku hizi, katika Uingereza ile ile iliyomnyonga Agnes, wengi husema kwamba bibi arusi akikutana na paka mweusi amepata bahati. Na katika mji wa Ypres, Ubelgiji, ambako zamani paka hai walitupwa kutoka juu ya mnara, wa mwisho walitupwa mwaka 1817. Sikukuu ingalipo, lakini paka wanaotupwa sasa ni wa nguo, na watu hujaa chini wakinyosha mikono kuwadaka.