Safu ya Lugha: Megabaiti si mebibaiti
Neno "megabaiti" hubebeshwa vipimo viwili visivyolingana. "Mega", lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "kubwa", katika vipimo ni milioni. Hivyo megabaiti ni baiti 1,000,000. Baiti 1,048,576, yaani 1,024 mara 1,024, ni mebibaiti, jina lililoidhinishwa mwaka 1998.

Programu nazo hazisomi herufi kwa namna moja. Katika amri ya dd ya GNU, "1MB" ni megabaiti, ilhali "1M" ni mebibaiti. Katika Java, "-Xmx512m" huweka kikomo cha kumbukumbu kuwa mebibaiti 512. Herufi ikiachwa, "-Xmx512" husomwa kuwa baiti 512 tu, na Java hukataa kuanza. Anayeandika amri asome kwanza mwongozo wa programu husika.