Mbwa wa Santuri: Historia ya Chapa Iliyochorwa Upya Mara Nyingi

Msimamizi wa darasa, tafadhali wagawie wenzako ile karatasi yenye picha ya mbwa aliyekaa mbele ya gramafoni. Asiye na karatasi asihuzunike. Nitamweleza picha hiyo kwa maneno, na mwisho wa somo ataijua kama anayeitazama.

Kwanza nataka kuwakumbusha jambo. Wengi wenu mnasema mmeanza kusoma mwaka huu. Si kweli. Mama yangu hakujua hata herufi moja, lakini dukani hakudanganyika. Alinituma akiniambia, "Niletee kiberiti chenye picha ya ndovu," na nikileta kingine alinirudisha mbio. Alikuwa akisoma chapa. Chapa ni picha ndogo inayosema, "Kitu hiki kimetoka kwa fulani." Mtu asiyejua kusoma huitegemea kuliko anayejua, na kwa sababu hiyo wenye viwanda huilinda kama mboni ya jicho. Lakini chapa nayo huchorwa na mtu, na mtu mwingine huja akaichora upya. Leo tutafuata chapa moja tangu kuzaliwa kwake.

Nyumbani kwetu tuliiita "santuri ya mbwa". Jirani yetu alikuwa na kinanda cha kuzungusha kwa mkono, na katikati ya santuri zake palikuwa na karatasi ya duara, na juu ya karatasi hiyo mbwa mweupe mwenye masikio meusi, ameinamisha kichwa anasikiliza. Sisi watoto tulipenda kumtazama akizunguka mpaka macho yakatuzunguka. Mzee mmoja wa mtaani, mtu wa dini sana, hakupenda mbwa azunguke sebuleni kwake. Akakata vipande vya karatasi, akavigandisha kwa ugali wa muhogo juu ya kila mbwa, kisha akaendelea kusikiliza nyimbo zake kwa raha. Mkumbukeni mzee huyo, maana tutamrudia.

Sasa twende Uingereza. Mbwa huyu alikuwa mbwa wa kweli, na jina lake lilikuwa Nipper, yaani mng'ataji, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kuwang'ata wageni miguuni. Alizaliwa mwaka 1884 katika mji wa Bristol. Mwenyewe aliitwa Mark Barraud, na kazi yake ilikuwa kuchora mandhari za majukwaa ya michezo ya kuigiza. Mwaka 1887 Mark akafa maskini, na ndugu yake Francis, ambaye pia alikuwa mchoraji, akamchukua mbwa. Nipper akaishi mpaka 1895. Andikeni mwaka huo katika madaftari yenu, 1895, tutauhitaji.

Siku hizo palikuwa na mashine mbili za kutoa sauti zilizoshindana. Ya kwanza ni fonografu, ambayo Thomas Edison wa Marekani aliivumbua mwaka 1877. Katika fonografu za baadaye sauti ilichorwa kwa sindano juu ya kibomba cha nta. Ya pili ni gramafoni ya Emile Berliner, ambaye alipata hati yake mwaka 1887. Hiyo ilitumia sahani bapa, ndiyo santuri tunayoijua. Tofauti yake ilikuwa kubwa. Mwenye fonografu aliweza kusema mbele ya pembe lake, akachukua sauti yake mwenyewe nyumbani, kisha akaisikiliza. Mwenye gramafoni hakuweza. Alinunua sahani iliyotengenezwa kiwandani, basi. Shikeni tofauti hiyo vizuri.

Francis Barraud alikuwa akikumbuka jinsi Nipper alivyokuwa akisogea karibu na fonografu na kuchungulia ndani ya pembe, akishangaa sauti inatoka wapi. Mwaka 1898, miaka mitatu baada ya mbwa kufa, akamchora kwa rangi za mafuta amekaa mbele ya fonografu. Picha hiyo akaiita "Sauti ya Bwana Wake", kwa Kiingereza His Master's Voice. Akaipeleka kwenye maonyesho, haikupokewa. Akawapelekea wauza fonografu, nao hawakuitaka. Inasimuliwa kwamba walimwambia mbwa hawasikilizi fonografu.

Pembe la fonografu lilikuwa jeusi, na rafiki mmoja akamshauri Barraud aling'arishe kidogo kwa rangi ya dhahabu. Mwaka 1899 akaenda London katika ofisi za kampuni ya Gramophone kuazima pembe la shaba alitumie kama mfano. Meneja wa kampuni, William Barry Owen, akaitazama picha, akaipenda. Akasema kampuni itaichukua, ila kwa sharti moja: fonografu iondolewe, na mahali pake ichorwe gramafoni.

Barraud akakubali. Hakuchora picha mpya. Alichukua brashi akapaka rangi juu ya ile mashine ya zamani, akachora gramafoni juu yake. Mpaka leo, ukiitazama picha ile kwa mwanga wa ubavuni, utaona kivuli cha fonografu chini ya rangi, kama maandishi ya zamani katika ubao uliofutwa vibaya. Alilipwa paundi 50 kwa picha na paundi 50 nyingine kwa haki ya kuichapa. Jumla paundi 100.

Basi, chapa hii iliyojulikana duniani ilikuwa imekwisha kuchorwa upya kabla haijawa chapa. Na katika kuchorwa upya ilipoteza jambo ambalo watu wachache hulitambua. Katika picha ya kwanza, jina "Sauti ya Bwana Wake" lina maana kamili, kwa kuwa bwana wa mbwa angaliweza kusema ndani ya fonografu, na mbwa akamtambua. Katika picha ya pili mashine ni gramafoni. Je, bwana wa mbwa aliingiaje katika sahani ya kiwandani? Labda alikuwa mwimbaji mashuhuri! Wanunuzi hawakuuliza swali hilo, na mimi nadhani hawakuuliza kwa sababu ya mbwa mwenyewe. Ukimtazama anavyosikiliza, humalizi haraka kumwonea huruma, na mtu mwenye huruma hachunguzi mashine.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana kuna hadithi iliyoenea sana. Watu husema kwamba Nipper alikuwa akisikiliza sauti ya Mark, bwana wake aliyekufa, na ya kwamba mashine imewekwa juu ya jeneza lake. Ni hadithi ya kuliza. Lakini mwanafunzi wa historia hupima hadithi kwa miaka. Mark alikufa 1887. Fonografu ya nta iliyofaa kuuzwa kwa watu ilitolewa na Edison 1888. Kwa hiyo ni vigumu mno kuamini kwamba Mark aliacha sauti yake. Na meza ile inayong'aa ni meza. Msimamizi, waulize wenzako: hadithi hii imetokana na nini? Mimi jibu langu ni kwamba watu waliitazama chapa kwa muda mrefu, wakaona jina na picha havipatani, wakatunga hadithi ya kuvipatanisha. Hiyo nayo ni namna ya kuchora upya, ila bila brashi.

Mwaka 1900 picha ikaanza kutumika katika matangazo. Mwaka huo huo Berliner akaiandikisha Marekani kuwa alama yake ya biashara, na baadaye ikashikwa na kampuni ya Victor, iliyoanzishwa 1901. Hapo pakazaliwa tatizo. Mbwa mmoja, wenye mali wawili, kila mmoja upande wake wa bahari. Kampuni ya Victor ikanunuliwa na RCA mwaka 1929. Kampuni ya Uingereza ikaungana na mwenzake mwaka 1931 ikawa EMI. Huko Japani, kampuni iliyoanzishwa na Victor mwaka 1927 ikabaki na mbwa wake hata baada ya kuachana na Wamarekani. Kwa hiyo EMI ilipouza santuri zake Marekani haikuruhusiwa kuweka mbwa. Tangu 1953 iliziuza huko kwa chapa ya malaika. Nayo RCA ikija Ulaya ilimwacha mbwa nyumbani. Sheria ilimgawanya mnyama yule kama watu wanavyogawana shamba la urithi.

Na sisi tunahusika vipi? Mwaka 1928 mwimbaji wa Unguja, Siti binti Saad, pamoja na wapiga ala wake, walisafiri mpaka Bombay kuimba mbele ya mashine za kampuni hiyo hiyo ya His Master's Voice. Santuri zao zikarudi pwani yetu, zikauzwa, zikapigwa majumbani na mikahawani. Mwanamke mzaliwa wa shamba, kijiji cha Fumba, akasikika katika miji asiyoifikia kwa miguu yake. Neno "bwana" katika jina la kampuni lilikuwa la Kiingereza, lakini sauti iliyokuwa ikisikilizwa barazani ilikuwa ya Siti, na kwa Kiswahili. Nafikiri wazee wetu waliliona hilo bila kuambiwa.

Turudi kwa Barraud. Kampuni ilimtaka aichore picha ile tena kwa ajili ya ofisi mbalimbali, naye akaichora tena na tena, nakala 24 mpaka kufa kwake mwaka 1924. Mtu anayeiga picha yake mwenyewe mara 24! Haki ya kuichapa ilikuwa si yake tena, alikuwa ameiuza. Mwaka 1919 kampuni ikamkatia malipo ya paundi 250 kila mwaka, baadaye yakaongezwa yakafika 350. Alipunjwa? Wasikilizaji wengine watasema ndiyo, nami siwakatazi. Lakini siku ile ya 1899 picha ilikuwa imekataliwa kila mahali, na paundi 100 hazikuwa haba. Lililoniuma ni jingine: aliuza kitu kabla ya kujua kitakuwa nini, na karatasi aliyoitia sahihi haikuacha mlango wa kurudi. Ninyi mnaojifunza kusoma, karatasi za namna hiyo zitawafikia.

Baada yake wakaja wachoraji wa matangazo wa zama mpya. Hao hawakupaka rangi za mafuta. Walimpunguza mbwa akawa mistari michache ili aonekane hata katika stempu, au walimkuza: mwaka 1958, katika mji wa Albany huko Marekani, Nipper wa futi 28 aliwekwa juu ya paa la ghala, na mpaka leo yuko. Mwaka 1968 RCA ikaona mbwa na pembe ni mambo ya kizee. Watu walikuwa wakielekea mwezini. Wakachorewa herufi tatu tupu, nene, zenye mapindo, na mbwa akaondolewa katika santuri nyingi. Hazikupita hata miaka kumi wakamrudisha. Wachoraji walikuwa wameichora alama safi kabisa, ila haikuwa na masikio.

Mwaka 1991 RCA ikamwongezea Nipper mtoto, kijibwa kilichoitwa Chipper, kikae karibu naye mbele ya televisheni. Mkubwa alikuwa wa wazee, mdogo alikuwa wa vijana. Na mwaka 2007 maduka ya HMV ya Uingereza yakafanya mzaha ambao mimi niliupenda kuliko yote: kwa muda, katika matangazo ya filamu za watoto, Nipper akapumzishwa na mahali pake akakaa Gromit, mbwa wa udongo wa kuchezea anayejulikana katika filamu za Nick Park. Gromit hana mdomo wala hasemi neno. Kazi yake ni kutazama na kusikiliza. Tena anatoka Bristol, maana studio inayomtengeneza iko katika mji huo huo alikozaliwa Nipper. Aliyebuni mzaha ule alijua kazi yake.

Tena wako wachoraji wasioagizwa na mtu yeyote, ambao huichukua chapa ya watu na kuigeuza kwa mapenzi yao. Humweka paka mahali pa mbwa, au huifanya gramafoni kuwa redio au simu. Wengine hucheza tu, wengine hukejeli, wengine huonyesha kampuni namna wangeichorea wao kama wangepewa kazi. Ukiwatazama bila bidhaa ya kuuza, kazi zao ni michezo. Zikitiwa juu ya bidhaa za kuuzwa, mwenye chapa huwaita mahakamani, kwa kuwa mnunuzi kama mama yangu anaweza kudanganyika. Mipaka yake si sawa katika kila nchi, na mawakili hula kwayo.

Yule mzee wetu wa mtaani hakuuza kitu. Alibandika karatasi yake, akakaa akamsikiliza Siti. Miaka mingi baadaye nilinunua santuri yake moja sokoni. Ugali ulikuwa umekauka na karatasi imebanduka nusu, na chini yake nikaona sikio moja jeusi.

Kazi yenu kwa juma lijalo: kila mmoja alete kopo, boksi au mfuko wa nyumbani wenye chapa. Andika sentensi tatu: unaona nini katika picha, chapa inataka uamini nini, na wewe ungebadilisha nini. Mwenye kuweza kuchora, achore. Msimamizi atakusanya madaftari siku ya Alhamisi. Kwaherini.