Ethanoli na Dawa za Injini katika Mafuta ya Gari: Hukumu na Matumizi

SWALI: Familia moja ya Unguja ina kijana anayeendesha gari la abiria Ipuli, katika Manispaa ya Tabora. Fundi amemzoesha kumimina kichupa cha dawa kwenye tangi la petroli kila baada ya muda, na lebo ya kichupa inataja ethanoli. Mama yake alipoambiwa kuwa hiyo ni pombe, akakataa kula fedha anazoletewa. Je, pato hilo ni haramu?

JIBU: Himdi zote ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Maswahaba zake.

Pato la kijana huyo ni halali, na mama asisite kulipokea. Analipwa kwa kuwabeba watu na mizigo yao, wala hauzi kilichomo ndani ya tangi. Hata hivyo wasiwasi wa mama si wa kudharauliwa, kwa sababu ethanoli ndicho kile kile kilevi kilichomo ndani ya pombe. Hutokana na sukari ya miwa au wanga wa mahindi na muhogo, ikachachuliwa kisha ikatoneshwa. Ile ya magari huchanganywa makusudi na petroli au vitu vyenye sumu ili isinyweke.

Duniani jambo hili si geni. Petroli nyingi ya Marekani ina ethanoli asilimia 10, na ya Brazil huzidi robo. Malawi inachanganya tangu mwaka 1982, na Kenya ilifanya hivyo miaka ya 1980 kwa ethanoli ya Muhoroni. Kwetu jambo lilikaribia Bagamoyo, pale pale misafara ya Tabora ilipokuwa ikiishia kabla ya kuvuka bahari kuja Unguja. Kampuni ya SEKAB ya Sweden ilitaka kulima miwa ya ethanoli kwenye shamba la RAZABA, yaani Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, ardhi iliyokuwa ya ng'ombe wa Serikali ya Zanzibar. Mradi ukauzwa mwaka 2009, na mwaka 2016 serikali ikaufuta. Leo sehemu ya ardhi hiyo ina miwa ya sukari.

Tuje kwenye fiqhi. Kunywa hakuna mjadala. Mjadala ni juu ya kutumia kwa jambo lisilokuwa kunywa. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo ya wengi wetu visiwani, kila kimiminika kinacholevya ni najisi. Wapo wanavyuoni wengine, akiwemo Sheikh Ibn Uthaymin, walioona kuwa khamri ni haramu lakini si najisi ya kuoshwa. Mwaka 2009 Sheikh Mohamed Al-Najimi wa Saudi Arabia aliwatahadharisha vijana wanaosoma nchi za nje wasiendeshe magari kwa mafuta ya ethanoli, akitegemea hadithi inayowalaani wote wanaoshughulika na khamri, akiwemo anayeibeba na anayeiuza. Mwenyewe alieleza kwamba hiyo ni rai yake, si fatwa rasmi.

Sisi tunaona mas'ala haya yana mfano wa karibu zaidi, na watu wa bahari watauelewa upesi. Mwaka wa kufunguliwa Makka, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipoharamisha kuuza khamri, mzoga, nguruwe na masanamu, Maswahaba walimuuliza kuhusu mafuta ya mzoga, kwani watu wakipakia vyombo vya baharini, wakilainishia ngozi na kuwashia taa. Akajibu kuwa ni haramu. Hadithi hiyo imo kwa Bukhari na Muslim. Wanavyuoni wa Kishafi'i waliifahamu kuwa kilichoharamishwa ni kuuza, ama kunufaika nayo kwa namna hiyo kumebaki. Ndiyo maana Imam Nawawi katika Minhaj akaruhusu kuwashia taa kwa mafuta yaliyo najisi, na wanavyuoni wakaitoa misikiti katika ruhusa hiyo. Injini nayo inachoma, kama taa. Basi hata kwa anayeihesabu ethanoli kuwa najisi, kuichoma ndani ya injini si haramu. Ama kuiuza na kuitengeneza, hapo pana khilafu ya kweli, na mfanyabiashara anayetaka kuingia humo amwendee mwanachuoni kabla ya kutia mtaji. Wallaahu a'lam.

Linalotutia hofu zaidi ni ghushi. Mtume alitia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni akakuta chini pana unyevu, akamkemea muuzaji kwa kuuficha. Anayeongeza mafuta ya taa kwenye petroli na kuiuza kwa bei ya petroli amefanya yale yale, na hapo hakuna khilafu. Tanzania Bara, EWURA ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili wachakachuaji wajulikane, na mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili kuchakachua kusiwe na faida. Dhambi ya wachache ikalipwa na mjane wa kijijini anayewasha koroboi. Kijana wa Ipuli anayechagua sheli kwa unafuu wa bei tu huku akijua mafuta yake hayaaminiki, hilo ndilo la kujihisabia.

Kuhusu vichupa vyenyewe: dawa ya kusafisha nozeli ina kazi kwenye injini iliyochoka, lakini si ya kumiminwa kwa mazoea. Dawa ya kupandisha okteni aghalabu ni israfu. Tabora iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida isiyo na tabo huhitaji okteni ndogo zaidi kuliko pwani. Ethanoli ina nguvu kama theluthi mbili tu ya petroli, hivyo mchanganyiko wa asilimia 10 hupunguza mwendo wa lita kwa takriban asilimia 3. Gari za nozeli za miaka ya karibuni huvumilia kiwango hicho. Zile za zamani za kabureta huweza kuvimba mipira na kuvuja.

Visiwani tatizo ni maji. Ethanoli huvuta unyevu wa hewa, na maji yakizidi hujitenga na petroli yakatuama chini ya tangi, pale pampu inapovutia. Mashine ya boti inayolala wiki nzima na tangi nusu iko hatarini zaidi kuliko gari. Mafundi wengine humimina spiriti ili inyonye maji. Kwa matone machache inasaidia, lakini maji yakiwa mengi dawa ni kumwaga tangi lote na kulisafisha.

Petroli yenye ethanoli ikimwagikia nguo, anayefuata rai ya unajisi aoshe kabla ya kuswali. Moshi wa silensa usimtie shaka: mchache wake umesamehewa hata kwa wanaouona najisi.